Maumivu ya Mguu Usiokuwapo



Juma hili tulikusudia kuendelea na habari ya maji safi na ugonjwa wa kuhara, kama tulivyowaahidi. Lakini katika Katuba yetu kumetokea jambo ambalo limetulazimisha kuyaweka maji kando kwa siku chache. Wenye jamaa hiyo wameturuhusu kulisimulia, mradi tusitaje majina. Tunalisimulia kwa kuwa tunajua kwamba yaliyotokea katika lupango moja yaweza kutokea kesho katika lupango jingine.

Dominika moja, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alitungojea kando ya mlango wa kanisa. Ni mama mwenye bidii, ambaye huuza makala sokoni tangu alfajiri. Alitusalimu, akanyamaza, akatazama chini. Kisha akasema: “Mwalimu, baba wa watoto halali. Usiku analia kama mtoto mchanga. Mguu unamwuma.”

Tukamwuliza: “Mguu upi, mama?”

Akajibu kwa sauti ndogo: “Ule waliomkata.”

Mume wake aligongwa akiwa juu ya pikipiki, na waganga wa hospitali, ili kuuokoa uhai wake, wakamkata mguu wa kushoto chini ya goti. Kidonda kilipona vizuri. Lakini miezi michache baadaye vidole vya mguu ule, vidole visivyokuwapo tena duniani, vilianza kumwuma. Alisema ni kana kwamba mtu anavikunja kwa koleo. Tena kwamba unyayo unaungua kama umewekwa juu ya mbabula. Mchana alijikaza. Usiku alishindwa.

Basi ndugu walikutana wakafanya shauri. Mmoja akasema kwamba mguu ulizikwa vibaya, ufukuliwe na vidole vinyoshwe. Mwingine akampeleka kwa mtu ajiitaye nabii, ambaye alidai sadaka mara tatu, akaipokea mara tatu, kisha akatoa hukumu yake: kwamba mmoja wa wale wanaolala katika lupango ile anautafuna mguu ule usiku. Kidole chake kikamwelekea mtoto mwanamume wa miaka tisa, yatima, mwana wa marehemu dada ya yule baba. Sababu? Ati hukojoa kitandani, tena husema maneno usingizini. Tangu siku ile mtoto alilazwa nje jikoni, akapewa bukari peke yake, na wajomba wakaamuru aondoke kabla ya Jumamosi.

“Mwalimu,” mama akatuambia, “huyu ni mtoto wa marehemu wifi yangu. Nikimfukuza, atakwenda wapi?”

Hapo ndipo tulipoona kwamba swali la maumivu ya mguu si swali la waganga tu. Maisha ya mtoto yalikuwa yamefungwa ndani yake.

NI UGONJWA UNAOJULIKANA

Neno la kwanza tulilomwambia mama yule ni hili: mume wako hasemi uongo, wala hajapata wazimu, wala hajarogwa. Maumivu yake ni ya kweli, na watu wengi waliokatwa viungo huyapata. Karibu wote huendelea kukisikia kiungo chao kana kwamba kingalipo, na zaidi ya nusu yao hupata maumivu ndani yake. Yule wa Katuba, yule wa Bukavu aliyeumizwa na vita, na yule wa Ulaya aliyekatwa kwa sababu ya kisukari, wote husimulia habari moja.

Habari hii ni ya zamani. Katika karne ya 16, Ambroise Paré, mpasuaji mashuhuri wa Ufaransa aliyefuatana na majeshi, aliandika kwamba askari waliokatwa miguu walilalamika muda mrefu baadaye juu ya maumivu ya mguu ule uliokwisha kutupwa. Baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, iliyodumu tangu 1861 hata 1865, daktari Silas Weir Mitchell wa Philadelphia aliyachunguza mateso ya askari wengi wa namna hiyo, na mwaka 1871 akakiita kiungo hicho kwa jina ambalo maana yake ni “kiungo kivuli”. Inasimuliwa pia kwamba Nelson, amiri jeshi wa baharini wa Uingereza, aliyepoteza mkono wake wa kuume mwaka 1797, alivisikia vidole vyake baada ya kukatwa, akadhani kwamba huo ni ushuhuda wa kuwapo kwa roho.

Sisi Wakristu twaamini kwamba binadamu ana roho isiyokufa. Lakini hatuhitaji mkono wa Nelson ili kuamini hivyo. Wala hatuna ruhusa ya kumwita mzimu au mchawi kila tunapokosa kuelewa jambo la mwili.

RAMANI ILIYO KICHWANI

Je, kitu kisichokuwapo chawezaje kuuma? Enyi wanafunzi, sikilizeni vizuri, maana hapa pana somo.

Mtu akikanyaga mwiba, mwiba uko mguuni, lakini kuona maumivu hakufanyiki mguuni. Mishipa ya fahamu hupeleka habari katika uti wa mgongo, na kutoka huko hupanda mpaka ubongoni. Ni ubongo ndio unaosema: “Mguu wa kushoto unauma.” Daktari Wilder Penfield wa Montreal, nchini Canada, alilionyesha jambo hilo waziwazi. Tangu miaka ya 1930 alipasua vichwa vya wagonjwa waliokuwa macho, kwa kuwa ubongo wenyewe, ukiguswa, hauumi. Alipogusa mahali fulani pa ubongo kwa umeme kidogo sana, mgonjwa alisikia kitu katika mkono. Alipogusa mahali pengine, mgonjwa alisikia kitu katika mdomo au katika mguu. Hivyo alichora ramani: kila sehemu ya mwili ina mahali pake katika ubongo.

Wazee wetu waliohamia Katuba katika miaka ya 1950 watatuelewa upesi. Kila jamaa ilipewa kiwanja chake, chenye namba yake na mipaka yake. Hali kadhalika ubongoni: mguu una lupango yake, mkono una yake, uso una yake. Mguu ukikatwa, lupango yake ubongoni haibomolewi. Nyumba ingali imesimama, lakini hakuna tena barua inayofika kutoka kwa mwenyewe. Hapo ubongo wataabika. Waamuru vidole vikunjuke, na hakuna jibu linalorudi. Waamuru tena kwa nguvu zaidi, na bado ni kimya. Tena ile mishipa iliyokatwa hutuma habari za uongo kutoka ncha zake. Wataalamu wengi wadhani kwamba maumivu hutokana na mchafuko huo wote.

Mwaka 1995 watafiti wa Ujerumani, akiwamo bibi Herta Flor, walitangaza kwamba kadiri majirani walivyoiingia lupango ya mkono uliokatwa, ndivyo maumivu yalivyozidi. Lakini mwaka 2013 bibi Tamar Makin na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba, kwa watu wenye maumivu hayo, lupango ya zamani yaweza kukaa imara kabisa, kana kwamba mwenyewe hajahama. Mabishano hayo hayajaisha. Tunayataja ili mwone jinsi wenye elimu ya kweli wafanyavyo kazi: hupima, hubishana, hurudi kupima. Hawamnyoshei mtoto kidole.

Jambo jingine la kukumbuka: njia ya maumivu ina mlango. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall waliandika kwamba habari za maumivu hazipiti tu mwilini kama maji katika bomba. Katika uti wa mgongo pana kitu kama mlango, unaoweza kufunguliwa zaidi au kufungwa kidogo, hata kwa amri itokayo ubongoni. Ndiyo sababu mama humsugua mtoto goti alipoanguka, na mtoto akanyamaza. Ndiyo sababu pia hofu, upweke na kukosa usingizi huzidisha maumivu. Mafundisho hayo yamerekebishwa baadaye katika mambo kadhaa, lakini shina lake lingali linasimama.

KIOO CHA NYUMBANI

Ikiwa ubongo umechafuka, je, waweza kufundishwa upya? Katika miaka ya 1990 daktari V. S. Ramachandran, mzaliwa wa India afanyaye kazi Marekani, alifikiri jambo jepesi mno. Alisimamisha kioo katikati ya mikono ya mgonjwa, upande unaong’aa ukiuelekea mkono mzima. Mgonjwa akitazama katika kioo aliona mikono miwili, maana sura ya mkono mzima ilisimama mahali pa ule uliokatwa. Alipokunjua vidole vyake, aliona kana kwamba vidole vile vilivyokatwa navyo vinakunjuka. Baadhi ya wagonjwa walisikia ngumi iliyokuwa imekazwa miaka mingi ikilegea.

Mwaka 2007 madaktari wa jeshi la Marekani walitangaza jaribio lao juu ya watu waliokatwa mguu. Waliomaliza majuma manne walikuwa 18, wakiwa wamegawanywa sita sita. Wa kwanza walitazama katika kioo, dakika 15 kila siku, huku wakiujongeza mguu mzima. Wa pili walifanya vilevile mbele ya kioo kilichofunikwa. Wa tatu walifumba macho na kuwaza tu kwamba wanaujongeza mguu uliokatwa. Wote sita wa kioo walipungukiwa na maumivu; katika wale wa kioo kilichofunikwa ni mmoja tu. Hesabu hiyo ni ya watu wachache, lakini iliwatia wengi moyo.

Kisha jambo hilo likafika kwa maskini. Stephen Sumner, Mkanada aliyepoteza mguu katika ajali na kupona maumivu yake kwa kioo, alipanda baisikeli akiwa amebeba vioo, akazunguka vijiji vya Kamboja, nchi iliyojaa watu waliokatwa miguu na mabomu yaliyofukiwa ardhini. Katika nchi hiyohiyo watafiti walijaribu kioo pamoja na kuigusagusa ngozi ya kigutu kwa watu 45, na mwaka 2018 wakatangaza kwamba maumivu yalipungua sana.

Hata hivyo tusikifanye kioo kuwa hirizi. Wako watu ambao hakikuwasaidia. Wengine, walipouona mguu wao “umerudi”, walishikwa na huzuni na kulia. Ndiyo maana yafaa kuanza pamoja na mtaalamu.

UMEME UNAOAMSHA UBONGO

Sasa tuingie katika jambo ambalo pengine litawashangaza zaidi. Waganga wametafuta pia kuusaidia ubongo moja kwa moja, kwa umeme.

Wazo hilo si geni kama mnavyofikiri. Wavuvi wa mito yetu wanamjua yule kambale ambaye, ukimshika, mkono wako hutetemeka na kufa ganzi: ana umeme mwilini mwake. Zamani za Kaisari Klaudio, katika karne ya kwanza, mganga wa Roma aitwaye Scribonius Largus aliagiza samaki wa baharini mwenye umeme awekwe hai juu ya kichwa cha mtu mwenye maumivu ya kichwa ya siku nyingi. Hatuwashauri mfanye hivyo! Lakini mwajionea kwamba binadamu ametafuta kwa muda mrefu.

Mwaka 1991 daktari Takashi Tsubokawa wa Japani na wenzake walieleza jinsi walivyoweka vipande vya kupitisha umeme ndani ya fuvu, juu ya ile sehemu ya ubongo inayoamrisha viungo, na maumivu yaliyokuwa yameshinda dawa yakapungua. Lakini kupasua fuvu si jambo dogo. Kabla ya hapo, mwaka 1985, Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walikuwa wameonyesha kwamba sumaku yenye nguvu, ikiwekwa nje ya kichwa, yaweza kuuamsha ubongo pasipo kisu. Na mwaka 2000 Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walithibitisha kwamba umeme dhaifu, ukipitishwa juu ya ngozi ya kichwa kwa vitambaa vilivyoloweshwa kwa maji ya chumvi, hubadilisha kwa muda wepesi wa ubongo wa kuitika.

Umeme huo ni mdogo sana, yaani sehemu moja au mbili tu katika elfu za ampea moja, kwa muda wa dakika kama 20. Mgonjwa huketi kitini akiwa macho. Husikia kuwasha kidogo ngozini. Umeme huo haumrushi mtu wala haumlazishi usingizi. Hauamuru ubongo ufanye kazi; huulainisha tu, ili uwe tayari kujifunza.

Hapo ndipo wazo la kuunganisha mambo mawili lilipotokea. Mkulima hasemi, “Nitalima tu,” wala hasemi, “Nitapanda tu.” Hulainisha udongo kwanza, kisha hutia mbegu. Vivyo hivyo wataalamu walisema: umeme ulainishe ubongo, na mazoezi ya kioo na ya viungo yapande mafunzo mapya ndani yake.

Je, wazo hilo zuri limethibitika? Hapa inatupasa kusema kweli, maana msomaji si mtoto wa kubembelezwa. Mwaka 2021 daktari Felipe Fregni wa Boston na wenzake walitangaza jaribio la watu 112 waliokatwa mguu kwa ajali. Walipata kwamba umeme ulipunguza maumivu. Lakini kioo hakikuongeza faida juu ya ile ya kioo kilichofunikwa, na kuviunganisha viwili hakukuzidi kama walivyotumaini. Mwaka uleule jaribio dogo la Israeli lilipata kinyume: waliopewa kioo na umeme pamoja waliendelea kupata nafuu miezi baadaye kuliko waliopewa kioo peke yake. Basi jambo hili lingali shambani, halijafika ghalani. Tuna sababu ya kutumaini, lakini hatuna sababu ya kutangaza mwujiza. Na mashine hizo hutumika hasa katika hospitali kubwa na katika utafiti.

Enyi vijana wenye kupenda kufungua radio na kuunganisha nyaya, tunawaonya: msijaribu kamwe kupitisha umeme wa betri au wa ukutani katika kichwa cha mtu. Hao wataalamu hupima kila kitu. Mwenye kifafa au mwenye chuma kichwani hupaswa kuchunguzwa kwanza, na wengine hukatazwa kabisa. Kazi hiyo ikifanywa nyumbani, si dawa, ni hatari.

TUFANYE NINI KATUBA?

Mama yule alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Mwalimu, mashine hiyo sina. Nina makala.” Alisema vema. Basi tumpe kila mtu kile anachoweza kukitumia.

Kwanza, mgonjwa arudi kwa daktari. Pengine kigutu kina jipu, au mfupa unachoma, au mshipa umefanya fundo, au kisukari hakijatulizwa. Ziko pia dawa za kutuliza mishipa ya fahamu, ambazo si zile za kutuliza maumivu ya kila siku. Daktari ndiye wa kuziandika; vidonge vya barabarani visivyojulikana huweza kumfunga mtu katika utumwa mpya.

Pili, amwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yule ambaye mjini kwetu huitwa “kine”. Atamfundisha kukifunga kigutu vizuri, kukisugua kwa kitambaa laini kisha kwa kitambaa kikavu zaidi, ili ngozi izoee kuguswa. Atampa mazoezi ya kuutambua upesi mguu wa kushoto na wa kulia katika picha, kisha kuwaza mguu ukienda polepole, na mwishowe kioo.

Tatu, kioo chenyewe. Chatosha kioo cha nyumbani, kirefu kama mguu, kisichopasuka wala kukunja sura. Mgonjwa aketi mahali pa utulivu, kioo kisimame katikati ya miguu, kigutu kifichwe nyuma yake. Autazame mguu mzima katika kioo, akunje na kukunjua vidole taratibu, kwa dakika kama 15, kila siku, kwa majuma manne. Maumivu yakizidi au kizunguzungu kikimpata, aache na kumwuliza mtaalamu.

Nne, mguu wa bandia na kazi. Mwili unaotembea na kufanya kazi huupa ubongo habari za kweli. Katika nchi jirani ya Rwanda, padri Fraipont Ndagijimana alianzisha mwaka 1960 nyumba ya Gatagara, aliyoiweka chini ya ulinzi wa Bikira wa Maskini, ili walemavu wasibaki wakitambaa uani. Huko Bukavu kituo cha Heri Kwetu, na huko Goma kituo cha Shirika la Umoja, vimewasimamisha tena wengi walioumizwa na vita. Mtu aliyekatwa mguu hajakatwa utu wake.

KUHUSU YULE MTOTO

Sasa tuseme na ninyi, wajomba na wazazi, bila kuficha maneno.

Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kuwatesa na kuwatupa watoto, na yataja kwa jina lake kosa la kuwashitaki kwa uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 yaliadhibu kosa hilo kwa kifungo. Basi yeye asemaye, “Mtoto huyu ni mchawi,” ajue kwamba anafanya jinai, hata kama ameshika Biblia mkononi.

Lakini kuliko sheria ya serikali iko sheria ya Mungu. Mtoto akojoaye kitandani baada ya kufiwa na mama yake hali mguu wa mtu. Analia kwa njia aliyo nayo. Kama sisi watu wazima, tukiwa na maumivu, tunahitaji mtu wa kutwika lawama, na tukamchagua aliye mdogo na asiye na wa kumtetea, tunafanya kama wale waliomtwika Bwana wetu msalaba usio wake.

Wako pia wanaosema: “Mkristu avumilie tu, maumivu ni mapenzi ya Mungu.” Si hivyo. Baba Mtakatifu Pio wa 12, aliposema na waganga tarehe 24 Februari 1957, alifundisha kwamba ni halali kutafuta na kutumia dawa za kutuliza maumivu, na kwamba Mkristu hafungwi kuyataka maumivu kwa ajili ya maumivu. Mtakatifu Kamilo wa Lellis aliteswa na kidonda cha mguu kwa zaidi ya miaka 40. Je, aliwaambia wagonjwa wavumilie tu? Sivyo, aliwaosha, akawalisha, akaanzisha shirika la kuwahudumia. Na mwenzetu Mwenye Heri Isidori Bakanja, aliyechapwa kwa ajili ya skapulari yake hata mgongo ukaoza, akafa tarehe 15 Agosti 1909, hakumtafutia mtu kisasi, alimsamehe aliyemtesa. Msalaba tusioweza kuuondoa tuuchukue pamoja na Kristu. Ule tunaoweza kumpunguzia jirani, ni wajibu wetu kuupunguza.

MWISHO WA KISA

Jumamosi ilifika. Tulikwenda katika lupango ile pamoja na katekista na mzee mmoja wa shirika. Tuliketi muda mrefu. Wajomba hawakukubali upesi. Mmoja aliondoka kwa hasira, na hata leo hajarudi. Lakini yule baba, aliyekuwa amenyamaza, akauliza: “Mwasema wazungu nao huumwa miguu iliyokatwa?” Tukajibu: “Ndiyo, na Wajapani, na Wakamboja.” Akafikiri. Kisha akasema: “Basi mtoto wa dada yangu hakufika huko kote kwa usiku mmoja.” Akaagiza kitanda cha mtoto kirudishwe ndani.

Tangu hapo majuma saba yamepita. Alikwenda kwa daktari, akapewa dawa. Alikwenda kwa kine, akafundishwa. Kioo kiliazimwa kwa mshonaji wa jirani. Maumivu hayajakwisha, wala hatutaki kuwadanganya. Usiku mwingine bado humrudia. Lakini sasa, asema, hulala usiku nne au tano katika juma, na ameanza tena kutengeneza viti mlangoni pake.

Na kioo, kwa kuwa hakina miguu ya kusimamia, lazima kishikwe na mtu. Kila jioni, baada ya chakula, kwa dakika 15, ni yule mtoto wa miaka tisa anayekishika.

Wasomaji wapenzi, kama katika mtaa wenu yumo mtu aliyekatwa kiungo naye ana maumivu, msomeeni makala hii. Na kama yumo mtoto anayelazwa jikoni kwa sababu ya maneno ya “nabii”, msingoje Jumamosi. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye habari ya maji.